Bibi Esmat Kwenye Kamba

Asubuhi moja ya wiki ya mwisho kabla ya Mwaka Mpya wa Kiajemi, Bibi Esmat alipanda kiti cha jikoni kuvua pazia la sebuleni. Alipofika ndoano ya tatu magoti yakagoma. Alibaki juu ameshika ukuta hadi simu ilipolia, ndipo akajiburuza chini. Alikuwa mwanawe Kambiz, anayeishi Tehran.

"Mama, nije tutikise nyumba?" Ndivyo wanavyouita usafi wa sikukuu.

"Aa, usijisumbue, mwanangu."

"Haya basi. Tutaonana sikukuu."

Mjini kwao Kashan, hata mtoto wa chekechea anajua kwamba "usijisumbue" ya kwanza ni adabu, ya pili ni adabu, na jibu lenyewe huja mara ya tatu. Kambiz alilelewa humo humo. Dada yake Nahid naye alipiga simu, akauliza mara moja, akaambiwa asijisumbue, akashukuru upesi mno. Mazulia hayajafuliwa, madirisha yamejaa vumbi la jangwani, na mwaka haukaribishwi katika nyumba chafu. Bibi Esmat aliona uchungu, akalia kidogo.

Adhuhuri nyumba ikamuuliza, "Nijitikise mwenyewe?"

"Usijisumbue."

"Nijitikise, Bibi?"

"Utachoka bure. Na huo ufa wako ubavuni?"

"Ufa si kitu. Nakusihi, niruhusu."

"Haya, Mungu akupe nguvu," alisema Bibi Esmat, akaenda kulishika buli lisivunjike.

Nyumba ikajitikisa kama mbwa aliyetoka mtoni. Vumbi likamwagika uchochoroni, mazulia yakatua juu ya ukuta wa ua, mapazia yakajipanga kwenye kamba ya nguo. Kila kikuukuu kilitoka. Bibi Esmat, aliyekuwa amekonda sana siku hizi, alitoka pia, akajikuta kambani kati ya shuka mbili, amebanwa mabegani kwa vibanio.

Jirani yake, Bi Robabeh, alimwona akataka kumshusha. Aliuliza mara tatu, kama ipasavyo.

"Wanangu wanakuja," alisema Bibi Esmat. "Wakikuta nimeshushwa na jirani, watu watasema sikuzaa."

Wanawe wakaja, mikono imejaa vifurushi.

"Mama! Nyumba inang'aa!" alisema Nahid. "Kumbe bado una nguvu za punda, wewe! Unatudanganya na magoti yako."

"Nikushushe, Mama?" aliuliza Kambiz.

Kinywa kilitangulia moyo. "Usijisumbue, mwanangu."

"Haya basi."

Waliingia. Mwaka uliingia nao, na Bibi Esmat akawasikia wakibusiana. Nahid alimletea wali na samaki, akamlisha kwa kijiko huku amesimama kwa ncha za vidole, kwa upendo kabisa. "Pumzika, Mama. Mwaka huu huna kazi."

Bibi Esmat alijaribu kusema "nishusheni." Ni neno ambalo hakuwa amelizoea, lilitoka dogo, na ndani televisheni ilikuwa juu.

Sikukuu ilipokwisha walikuja kumuaga. Walimbusu miguu, maana ndiyo waliyoifikia, wakasema wanaona fahari kuwa na mama wa aina hii. Kisha Kambiz akafunga madirisha yote na mlango kwa ufunguo, ili vumbi lisiingie.