Kitone Chekundu

Wapiga picha tuna kichekesho chetu: nyumba imejaa picha za watu, zetu hakuna. Dada yangu alipofariki nilipekua makabati, kadi za kamera, mpaka mifuko ya makoti yake. Nilipata maharusi wa kila umbo na watoto wa watu wakilia juu ya kigoda. Yeye hakuwemo. Kilichobaki ni kijipicha cha kitambulisho, kimefifia kama doa la chai.

Binti yake naishi naye mimi. Siku moja nilikuwa namsuka, akaniuliza, "Mama mdogo, mama alikuwa na uso gani?"

"Alikuwa mzuri."

"Hivyo ndivyo kila mtu anasema. Mimi naanza kumsahau."

Mdomo wangu unajulikana mtaa mzima, lakini hapo nilimgeuza kichwa tu, nikaanza msuko mwingine.

Studio tuliimiliki sote wawili, na kamera moja inayokula betri nne ndogo za kuchaji. Dada alikuwa na utaratibu wake. Seti yake aliipaka vitone vya rangi nyekundu ya kucha, yangu vyeupe. Betri za seti moja ziingie pamoja, zitoke pamoja, zichajiwe pamoja. Nikizichanganya alininunia kutwa nzima, mtu mzima na akili zake. Baada ya mazishi, zile nyekundu nilizifungia kwenye droo. Sikuwa na moyo wa kuzigusa.

Kisha asubuhi moja nyeupe zangu zikagoma, wateja wamejaa kwenye benchi. Nikatia nyekundu. Nilimkalisha mtoto wa dada kwenye kigoda nijaribu mwanga, nikapiga, nikaikuza picha kuangalia kama jicho limetoka vizuri. Kila mpiga picha anajua kwamba ndani ya jicho la unayempiga utajiona mwenyewe, mdogo, umeshika kamera. Niliyemwona ana kilemba, fundo limekaa juu ya sikio. Mimi sifungi kilemba. Dada ndiye aliyekuwa akifunga hivyo.

Wateja niliwaambia umeme una matatizo, nikafunga mlango. Nilipotia betri zangu nilizozichaji upya, jichoni nilikuwa mimi. Nilipotia nyekundu, akawa yeye, amesimama pale pale niliposimama. Ila kamera ilimfunika uso wote.

Nikaendelea kumpiga mtoto picha, kila siku chache. Betri zilivyozidi kuchoka, ndivyo mikono ya dada ilivyozidi kushuka. Kwanza nikaona paji la uso, halafu nyusi. Hapo nikaelewa, na sikuzichaji tena. Nilitaka picha moja tu yenye uso wake kamili, nimpe mwanaye kabla hajamsahau kabisa. Lakini macho yalipokaribia kuonekana, kamera ilianza kuzima kabla ya kuhifadhi picha. Kwenye kadi hakukuingia kitu.

Nikaenda kwa muuza vifaa, yule tunayemwita Waya kwa wembamba wake.

"Dada, hizi betri zenye namba kubwa ya chaji zina nguvu sana," alisema, "ila ukiziweka kabatini zinavuja chaji zenyewe. Hizi namba yake ndogo, lakini ukizisahau hata mwezi utazikuta na nguvu zake. Wewe kazi yako ya kila siku au ya harusi moja moja?"

"Nataka picha moja."

Akacheka. "Picha moja chukua hata za tochi."

Sikucheka. Nikamuuliza, je, nikitia tatu mpya na moja iliyochoka?

"Usithubutu. Hizo tatu zitaikamua hiyo nyonge. Imeshaishiwa, zenyewe zinasukuma tu. Itachemka mpaka ivuje."

"Lakini kamera itawaka?"

"Kwa muda itawaka," alisema, na kunitazama vibaya. Nikachukua zile za namba kubwa.

Alasiri, mwanga wa dirishani ukiwa laini, nilimkalisha mtoto kwenye kigoda. Nilitia mpya tatu za kuipa kamera nguvu, na nyekundu moja ya kumleta dada, ile iliyochoka kuliko wenzake. Nilimkaripia mtoto ainue kidevu. Nikabonyeza. Kamera ilitoa mlio mwembamba ambao sikuwahi kuusikia, kisha ikaandika kwamba picha imehifadhiwa.

Nikakuza jicho.

Kamera ya dada ilikuwa imeshuka mpaka tumboni. Uso wote ulikuwa wazi, na ulikuwa wake, mpaka lile kovu la kidevuni. Lakini meno alikuwa ameyauma, mishipa ya shingo imemsimama, macho yamemtoka, kama mtu aliyeelemewa na gunia na bado watu wanaongeza. Alikuwa akinitazama mimi. Maneno ya Waya yalinirudia yote, na nikatamani nisingeyasikia, nipate pa kujitetea.

Mtoto aliteremka, akaja kuchungulia chini ya mkono wangu. Nilichelewa kuficha kioo cha kamera.

"Ni mama," alisema. Wala hakuwa anauliza. Aligusa kioo kwa kidole. "Anaumia. Mama mdogo, mwache alale."

Nilifungua kifuniko kwa pupa. Zile tatu zilikuwa na uvuguvugu tu. Nyekundu iliniunguza vidole mpaka nikaiangusha sakafuni.

Picha ile sijaichapisha, na sijaifuta. Mtoto haniulizi tena habari za uso. Siku hizi, kila ninapomfunika shuka, huniuliza kama mama amelala, nami humjibu kwamba amelala. Betri ile niliirudisha kwenye droo, peke yake, haigusani na chochote. Leo asubuhi nimeipapasa. Bado ni ya moto.