Mbuzi wa Nyamhanga

Watu wa Gorong'a wanasema mdogo wangu Nyamhanga aliharibiwa na vita vya Wazungu. Waseme. Vita vilimharibu nusu, nusu iliyobaki niliimalizia mimi, Ghati, dada yake wa tumbo moja, kwa mdomo wangu huuhuu.

Alirudi kutoka Bama, yaani Burma, mwaka 1946 na koti la Keya, jeshi la Mwingereza. Kwetu sisi Wakurya, mwanamume aliyeua mtu, hata kama ni vitani, hapiti lango la baba yake wala hali chombo kimoja na watu mpaka wazee wamsafishe kwa mbuzi. Wenzake waliorudi walisafishwa mapema, wakaoa, wakanenepa. Nyamhanga alikataa. Alijijengea kibanda nje ya ua wetu, na mimi nikawa nampelekea ugali kwenye sahani yake ya bati, naiweka chini, narudi nyuma. Miaka sita! Mtoto wa mama yangu, nampa chakula kama ninamtega.

Mimi nilikuwa nimefiwa na mume, nimerudi nyumbani kumtunza baba, mzee Waitara. Mwaka 1952 baba alivimba miguu, macho yakaisha, tukajua anaondoka. Alikuwa na neno moja tu, asubuhi na jioni.

"Ghati, mwanangu atakaa nje mpaka lini? Sitaki kufa kabla hajanilisha kwa mkono wake."

Siku moja nikachoka. Nilikwenda kibandani nikasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Wewe mura, hicho kiburi umekitoa wapi? Tata wetu anakufa, wewe umekaa unachonga mipini ya majembe!"

Hakuniangalia. Aliendelea kuchonga, kisha akasema, "Dada, kabla mbuzi hajachinjwa, wazee wanauliza nini?"

Kila mtu anajua wanachouliza. Wanauliza: uliyemuua ni mgeni au ni wetu? Akiwa mgeni, mbuzi mmoja yamekwisha. Akiwa wetu, lazima ndugu zake waitwe waambiwe, na wao ndio watakaosema kama mtakula pamoja au hamtakula kamwe.

"Kwani Mjapani si mgeni?" nikamwambia. "Au ana shangazi yake hapa Gorong'a?"

Hapo ndipo akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu jando. Akanieleza kwamba rafiki yake Werema wa Ringwani, Mkurya mwenzetu, aliyeandikishwa naye siku moja, alipigwa risasi ya tumbo porini huko Bama. Wajapani walikuwa wanapita chini ya kilima, karibu kabisa, na Werema anapiga kelele.

"Nilimziba mdomo, dada. Mdomo na pua. Nilitaka anyamaze tu mpaka wapite. Walipopita nikatoa mkono."

Alipowafikia wakubwa wake akasema Werema amepotea, nao wakaandika amepotea.

Mama yake Werema sote tulimfahamu. Mama Mogesi alikuwa anatembea siku mbili kutoka Ringwani kila kiangazi kuja kumuuliza Nyamhanga kama amesikia habari, na Nyamhanga alikuwa anajibu, "Bado, mama." Yule mama hakuwahi kunyoa nywele za msiba. Alisema hawezi kumlilia mtu aliyepotea, labda ameoa Mhindi huko, labda nauli ndiyo imemshinda.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapostahili kutukanwa. Ningeweza kumwambia, haya, twende Ringwani. Lakini niliwaza: siku mbili za kwenda, mbili za kurudi, vikao vya wazee wa huko, labda mwezi, na labda wakatae. Baba hakuwa na mwezi. Nikamwambia, "Sema ni mgeni." Akasema hawezi. Nikamwambia, "Basi baba yako akizikwa utachungulia kwenye matundu ya ua, kama fisi." Nilijua panapomuuma, nikabonyeza hapohapo.

Juma lilelile mzee Matiko, msafishaji wetu, alikuja. Akauliza mbele ya watu, "Mgeni au wetu?"  Nyamhanga aliniangalia mimi.

"Mgeni," akasema.

Mbuzi akachinjwa. Nyamhanga akapakwa kifuani majani ya tumboni mwa mbuzi, akapita lango. Wanawake tukapiga vigelegele, na changu kilizidi vyote. Baba alimpapasa uso mzima, paji, pua, kidevu, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Nyamhanga akamega tonge, akachovya, akamlisha. Baba alitafuna polepole huku machozi yanamtoka. Nasema kweli, saa ile sikujuta hata kidogo.

Nilipogeuka nikamwona Mama Mogesi langoni na fimbo yake, miguu imejaa vumbi. Alikuwa njiani kuja kuuliza swali lake la kila mwaka, akasikia kwamba rafiki wa mwanawe anasafishwa. Alifurahi mno.

"Na wangu akirudi atapata mbuzi wake," akaniambia.

Mgeni aliyetembea siku mbili utamfanyaje? Watu wote wananitazama. Niliingia jikoni nikatoka na nyama ya mbuzi yuleyule, kipande kizuri cha paja, nikampa kwa mikono miwili. Alikula, akalamba vidole, akanishukuru. Nyamhanga alitoka nje akatapika. Watu walisema tumbo lake halijazoea nyama nyingi.

Baba alikufa siku ya tano. Mwanawe alimzika vizuri kabisa, wala hakuna aliyechungulia kwenye ua. Matanga yalipokwisha Nyamhanga akavaa koti lake.

"Dada, nakwenda Ringwani."

Nilimng'ang'ania lile koti. Nilimwambia ameshaingia ndani, baba ameshalala salama, anataka nini tena jamani?

"Baba amekula uongo mkononi mwangu," akasema. "Twende, au niachie."

Nikaenda. Tulitembea siku mbili.

Tulimkuta Mama Mogesi anapepeta wimbi. Tukamwamkia shikamoo, naye hata hakuitikia, aliuliza, "Ameonekana?" Nyamhanga alimweleza yote, akianza amesimama, akimaliza amekaa chini. Mama hakulia. Aliuliza jambo moja tu.

"Alikuwa anamwita nani?"

"Alikuwa anakuita wewe, mama."

Aliweka ungo chini, akanigeukia mimi. "Na wewe ulijua lini?"

Nilitamani kudanganya, na mnajua kwamba naweza. Lakini yale macho yalinishinda.

"Kabla ya mbuzi."

"Kabla ya mbuzi," akarudia. "Wakaosha damu ya mwanangu kwa mbuzi, na wewe unajua, ukaniletea paja. Na mimi nikalamba vidole."

 

Wazee wa Ringwani walikaa vikao miezi miwili. Nyumba yetu ilitoa ng'ombe, hawakuwakataa. Mama Mogesi alinyoa nywele, akamlilia mwanawe miaka yote ile aliyokuwa hajamlilia. Kisha yeye mwenyewe aliketi na Nyamhanga wakala chombo kimoja, akamwambia boma lake halina mwanamume, akitaka abaki. Alibaki. Analima shamba la Werema, na wanaotoka huko wananiambia siku hizi anapata usingizi. Kwetu hajarudi. Ua aliouzunguka miaka sita sasa nauzunguka mimi, peke yangu, na kuku.

Kwangu Mama Mogesi alituma neno kupitia kwa mzee Matiko: "Yule aliua kwa hofu. Wewe ulinilisha unajua. Usikanyage hapa."

Nilimuuliza mzee Matiko kama kuna mbuzi wa mtu kama mimi. Alifikiri sana, mzee wa watu, nikaona anatafuta namna ya kunisaidia. Mwishoni akasema wao wanamsafisha aliyeua, na mimi sikuua mtu. Akaomba maji, akanywa, akaenda zake.