Jina la Mzee Abrahman

Mzee Maher alifariki alfajiri, nyumbani kwake Tibirinzi, Pemba. Alikuwa ameshawausia watoto wake azikwe Mgogoni, ubavuni mwa mama yake. Binti yake, Rawya, aliyachukulia kuwa maneno ya mgonjwa. Kaka yake Rawya, Dokta Thabit, alijua si hivyo.

Mgogoni ndiko lilikokuwa shamba la mikarafuu la babu zao. Baada ya Mapinduzi lilikatwa eka tatu tatu, na kipande chenye makaburi akapewa Abrahman Masika, aliyekuwa mchumaji wao wa karafuu. Abrahman naye alikuwa keshakufa. Shamba lilikuwa mikononi mwa mwanawe, Ahmada.

Thabit alikuwa mwanahistoria katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Alisomesha demokrasia, na jinsi watu wa asili mbalimbali wanavyoishi pamoja baada ya kuumizana. Alialikwa kuyasema hayo hata nchi za mbali. Kwa miaka mingi alikuwa akienda Mgogoni kuwahoji wazee, na Mzee Abrahman alimpenda kama mtoto wake. Siku moja, wakimenya mihogo barazani, mzee alimwambia jambo ambalo Thabit hakuwahi kulisikia. Siku zile za Mapinduzi, yeye Abrahman ndiye aliyewaonyesha vijana wenye silaha kibanda cha mbata alimojificha Talib, ami yake Maher. Talib alitandikwa bakora mbele za watu, na hakupona. Mzee alilia, kisha akasema:

"Yaandike, mwanangu, watu wajue. Lakini jina langu lifiche mpaka nife."

Thabit alimwahidi. Miaka ikapita, na cheo cha profesa kikawa kinangojea kitabu. Mhariri alishikilia kwamba ushahidi usio na jina hauna uzito. Thabit akajiambia kuwa kitabu ni cha Kiingereza, tena ghali, Mgogoni hakitafika. Jina likatoka kama lilivyo, katika sura ya kwanza.

Kilifika kwa simu. Mwalimu mmoja wa pale kijijini alikisoma, akawafasiria watu nje ya msikiti baada ya sala ya Alasiri. Thabit alipopata habari alimpigia mzee simu, haikupokewa, naye hakupiga tena. Haukupita muda akasikia mzee amekufa. Wiki ile alikuwa na mkutano nje ya nchi. Alikwenda mkutanoni.

Sasa ilimbidi aende kwa Ahmada kuomba kaburi.

Alimkuta anaanika karafuu juu ya majamvi. Alitoa salamu, akaitikiwa. Alieleza msiba na wasia, kisha akaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi. Ahmada hakumwacha afike huko.

"Maiti hangojeshwi," alisema. "Nendeni mkamwoshe. Kaburi tutachimba siye."

Jeneza lilipofika baada ya Adhuhuri, kaburi lilikuwa tayari, magugu yamefyekwa, na wanaume wa Mgogoni wamejaa. Ahmada aliingia kaburini pamoja na Thabit kumpokea marehemu. Walimlaza wawili wao, wakamwelekeza kibla.

Talakini iliposomwa na watu kutawanyika, Ahmada alibaki akisawazisha udongo kwa jembe. Alizungumza bila kumtazama Thabit. Alisema tangu siku ile ya msikitini baba yake hakutoka tena nje. Hakuna aliyemtukana, ila watu waliacha kuja barazani kwake. Akaacha kula, mwisho akaacha na kusema. Alikuwa akitembelewa na mtu mmoja tu.

"Baba'ko," alisema Ahmada. "Kila Ijumaa, na mkongojo wake. Habari ya Talib kaijua toka ujana wao. Baba'ngu kamwambia mwenyewe, naye kamsamehe. Hata siku ya maziko kaja. Weye ndiye hatukukuona."

Thabit alisimama na udongo umemganda mikononi. Hakujua hata kidogo kwamba baba yake alikuwa akija huku. Aliuliza kwa nini mzee wake alimficha jambo kama lile maisha yote.

"Ungeliandika," Ahmada alijibu.

Hapo Thabit aliomba radhi. Ahmada akamwambia kwamba yeye kwa upande wake hana kinyongo, lakini radhi ya baba yake hawezi kuisemea. Akachukua jembe lake akaenda zake.

Matanga yalipokwisha, Thabit aliwaandikia wachapishaji. Walikubali kuliondoa jina katika nakala zitakazofuata. Zilizokwisha kutoka hazikurudi. Chuo kilipomtaka aongoze utafiti mpya wa Pemba, aliwaambia watafute mtu mwingine. Uprofesa aliupata, na anao hadi leo.

Kila Idi huja Mgogoni kumzuru baba yake. Ahmada humpa mkono, humuulizia Rawya, humsindikiza hadi makaburini, kisha hurudi kwenye kazi zake. Barazani hamkaribishi. Thabit husoma Fatiha, akamwombea na Mzee Abrahman. Alizikwa mahali gani pale kijijini hajui, na hajathubutu kumuuliza mtu.