Vigingi vya Kamongo

Tangu mawingu yaanze kujikusanya upande wa Ziwa Rukwa, Natalia alikuwa hatulii. Alimimina chai akaiacha mezani, akaenda mlangoni kutazama mbingu, akarudi akaikuta imepoa, akaimwaga, akachemsha nyingine ambayo nayo hakuinywa. Damiano, aliyekuwa akifuta vumbi kwenye kioo cha darubini yake ya kupimia ardhi, alimwambia akae chini, mvua haizuiliki kwa macho. Natalia akamjibu kwamba mhandisi ana haki ya kutania, kwa sababu mfereji anaoupima hauwezi kuamka asubuhi ukaondoka zake.

Samaki wake waliweza. Natalia alikuwa akisomea baiolojia, shahada ya pili, na utafiti wake wote ulikuwa umelala chini ya ardhi kwenye mbuga ya Kalumbi, nje kidogo ya kijiji cha Mamba. Kamongo ana mambo yake. Maji yakikauka hajisumbui kuyafuata. Hujichimbia topeni, hujizungushia ute unaokauka ukawa ganda, akalala humo bila kula wala kunywa mpaka mvua imwamshe. Natalia aliwavua dimbwi lilipobakia dogo, akawapima uzito, akawafunga kila mmoja kibandiko, akawarudisha. Tope lilipokauka aliwatafuta kwa njia ya babu yake mzaa mama: unafunika kibuyu chini, unakipigapiga kwa ncha za vidole kama matone, na kamongo aliye chini yako hudhani mvua imefika, akaguna. Hapo ndipo unapoweka alama. Sasa ilibaki kuwafukua na kuwapima tena, ajue njaa ya kiangazi kizima imewapunguza kiasi gani. Akiwafukua mapema, utafiti unakosa maana. Akichelewa, mvua inamtangulia, na kila mmoja anatoka shimoni na kwenda anakojua.

Wa tatu katika nyumba ile ya kupanga alikuwa Maiko. Wafadhili wa mradi, watu wa mbali huko, walitaka elimu zote zikae meza moja, basi chuo kikakusanya mhandisi, mwanabaiolojia na mtu wa fasihi ya Kiingereza, kikawapa Landrover moja na kuwatakia heri. Maiko alikuwa akichunguza jinsi waandishi wa Uingereza walivyoieleza nchi hii katika riwaya zao za zamani. Kutwa alizunguka kwa baiskeli akiuliza watu majina ya vilima na vijito, jioni akarudi na hasira mpya.

"Kila Mwingereza akifika huku kitabuni," alikuwa akisema, "anakuta nchi tupu. Twiga wapo, mawe yapo, watu hakuna. Sasa wanaombebea mizigo wametokea wapi?"

Damiano alikuwa akimuuliza kama utafiti huo unaweza kumwagilia hata bustani ya mchicha.

Asubuhi hiyo maziwa hayakuja. Nyanzala, mama wa Kisukuma mwenye kaya pembeni mwa mbuga, alikuwa akiwaletea maziwa kila kulipokucha, na kibuyu chake cha jana kilikuwa bado kimeegemea ukuta kikimsubiri mwenyewe. Natalia alimpenda mama yule, na hakuwa na sababu ya kuficha. Malaria ilipomwangusha mwezi wa saba, wale wasomi wawili walibishana kuhusu dozi, lakini Nyanzala alitandika mkeka kando ya kitanda chake na hakuondoka mpaka homa iliposhuka.

Maiko aliingia na baiskeli mpaka sebuleni, jambo lililokatazwa.

"Manyanda anahama," alisema. Manyanda alikuwa mume wa Nyanzala. "Nimemkuta anapaka mafuta magurudumu ya mkokoteni. Nyanzala anafunga vyombo."

"Anahamia wapi?" Natalia aliuliza.

"Hajui. Anasema bora aondoke na ng'ombe wake wakiwa wazima kabla wenye vigingi hawajaja kumwondoa."

Damiano aliacha kufuta kioo. "Vigingi gani?"

"Vyako, mzee. Alivyovipanda huyu."

Natalia alikaa, kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Mwanzoni aliweka alama kwa vijiti vya miti, mchwa wakavila vyote ndani ya muda mfupi. Ndipo alipoomba vigingi vya Damiano vilivyokuwa vimelala tu nyuma ya gari: vya mbao ngumu, vimenyooka, vimepakwa rangi nyekundu na nyeupe. Alivipenda kwa sababu vilionekana kwa mbali. Hilo ndilo lililomuuma sasa. Babu yake, yule yule wa kibuyu, alizaliwa Kalumbi, na aliamka siku moja akakuta kigingi chekundu na cheupe katikati ya mihogo yake, na kabla mihogo haijakomaa alikuwa ameshahamishwa. Natalia alikua akiisikia habari hiyo kila Krismasi. Kisha akaenda chuo, akarudi, akapanda vya kwake pale pale.

"Mwambie ni kazi ya udongo tu," Damiano alisema. "Si ndivyo ulivyowaambia toka mwanzo?"

"Ndivyo nilivyowaambia."

"Na ndivyo wanavyoambiwa siku zote," Maiko alidakia. "Tunapima udongo. Babu yako aliambiwa nini?"

Babu aliambiwa hivyo hivyo. Natalia alidanganya kwa sababu ya matumbo ya watu. Ghala zilikuwa zimebakia makapi, na kamongo kwa ugali si mchezo. Angesema wazi kwamba chini ya kila kigingi kuna samaki mnono, majembe yangefika mbugani kabla yake. Shahada yake ingeliwa na kijiji kizima. Basi akanyamaza, na ukimya wake ndio uliokuwa ukipaka mafuta magurudumu ya Manyanda. Alitoka bila kuvaa kofia.

Alimkuta Nyanzala uani, nyuma ya ua wa minyaa, akifunga vibuyu kwa kamba.

"Mwangaluka, mayu," Natalia alimwamkia kwa Kisukuma.

Nyanzala aliitikia bila kuinua uso.

"Mama, mnakwenda wapi?"

"Tunakwenda pasipo na alama."

"Zile alama ni zangu, mama. Vile vigingi ni mimi nilivipanda."

"Najua. Nilikuona kwa macho yangu. Nikamwambia baba yenu, yule ni mtoto wetu, hawezi kutufanyia hivyo. Akaniambia, ndiyo maana wamemtuma yeye."

Natalia alijisikia vibaya kuliko siku ya homa. Akayamwaga yote: kamongo, vibandiko, mizani, na uongo wa udongo na sababu ya uongo huo. Manyanda alikuja kutoka zizini akiwa na fimbo begani, akasikiliza mpaka mwisho, akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na furaha.

"Kamongo namjua, binti. Nimezaliwa karibu na ziwa. Tangu lini kamongo akapandiwa kigingi cha serikali?"

"Si cha serikali, baba. Ni cha chuo."

"Chuo cha nani?"

Manyanda akachomeka fimbo ardhini.

"Fukua," alisema. "Nikiona samaki chini ya vigingi vyako, nitashusha mizigo kwa mikono yangu. Lakini vyote. Msinionyeshe kimoja mkanidanganya na vingine."

Natalia alitazama mawingu. Yalikuwa bado mbali. Angeweza kusubiri siku kadhaa zaidi, na kila siku kavu ilikuwa na thamani kubwa kwake. Kisha akatazama kigoda cha Nyanzala kilichokuwa kimefungwa juu ya mkokoteni miguu ikielekea juu. Alituma mtu akamwite Damiano alete majembe.

Watu walifika kabla ya majembe. Walitoka Mamba na kaya za jirani, Wapimbwe na Wasukuma, wengine wakiwa na vikapu, maana habari ya samaki haihitaji kupigiwa ngoma. Damiano, aliyezoea kuchimbiwa, alichimba mwenyewe, na malengelenge yakamtoka mapema watu wakamcheka. Maiko alishika mizani na kutaja uzito kwa sauti ya padri anayetangaza ndoa. Bonge la kwanza la udongo lilipopasuliwa, kamongo alionekana amejikunja ndani ya ganda lake, mkia umefunika uso, na kibandiko cha Natalia kiking'aa. Akaguna. Watoto wakakimbia, wakarudi, wakaguna pamoja naye.

Kigingi cha pili, samaki. Cha tatu, samaki. Manyanda alianza kung'oa vigingi mwenyewe na kuvirusha pembeni, na kila alivyorusha ndivyo mabega yake yalivyolegea. Nyanzala aliacha kamba zake akaja kusimama karibu na Natalia. Akampangusa tope usoni kwa ncha ya khanga.

"Mtoto mbaya wewe," alimwambia. "Kuficha mboga watu wana njaa."

Natalia alicheka mpaka machozi yakamtoka. Aliwagawia watu samaki waliokwisha kupimwa na hakuona uchungu aliouogopa. Utafiti ungekuwa mfupi kuliko alivyoahidi, Profesa, msimamizi wake, angenuna, yangekwisha.

Kilibaki kigingi kimoja, kile cha karibu na ua wa minyaa, hatua chache kutoka lango la zizi la Manyanda. Damiano alichimba. Akachimba tena. Alishuka kupita kina ambacho kamongo yeyote angelala, akaupasua udongo bonge kwa bonge, akainua uso kumtazama Natalia.

Shimo lilikuwa tupu.

Natalia alikumbuka mara moja. Kigingi kile alikipanda siku Profesa alipokuja kukagua kazi. Msimamizi wake alisimama pale akiwa na miwani ya jua na viatu vya ngozi, akimuuliza maswali ya mbinu, na Natalia aliona haya kupiga magoti mbele yake na kudundadunda kibuyu kama babu yake. Alitafuta kitundu cha kupumulia topeni kwa macho, akanyoosha mgongo kama mtaalamu, akagonga kigingi. Vingine vyote aliviweka akiwa peke yake na kibuyu, na havikukosea.

"Na hiki?" Manyanda aliuliza.

"Nimekosea, baba. Yupo, lakini si hapa. Nipe muda nimtafute."

"Vingine vyote hukukosea. Umekosea hiki kilicho mlangoni kwangu."

"Wallahi, baba—"

"Usiape. Hata wewe huenda hukujua waliokutuma wametumia kazi yako kufanya nini." Alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha Natalia kuliko kicheko cha asubuhi. "Samaki wengi, alama moja ya mpaka. Mtu akitaka kuficha alama, si ndivyo atakavyofanya?"

Natalia alichukua jembe akachimba kulia, akachimba kushoto, ovyo, bila kibuyu wala akili, mpaka giza likaingia na Maiko akamshika mkono. Njiani Damiano alijaribu kumfariji. Alimkumbusha maneno ya Profesa mwenyewe, kwamba shimo tupu nalo ni matokeo, linaandikwa kama mengine. Natalia akamwambia anyamaze.

Kulipopambazuka alichukua kibuyu cha Nyanzala pale ukutani, kile cha maziwa, akarudi mbugani peke yake. Mawingu sasa yalikuwa juu ya kichwa. Alipiga magoti kwenye udongo uliovurugwa, akakifunika kibuyu, akadunda kwa ncha za vidole. Kimya. Akasogea, akadunda. Kimya. Akasogea tena upande wa ua, akalaza sikio chini, na mguno ukamjibu, hafifu na wa hasira, wa mtu aliyekatizwa usingizi. Alichimba kwa jembe kisha kwa vidole. Alipolitoa bonge na kuona kibandiko chake, alilikumbatia kifuani, tope na ute na vyote, akaliweka ndani ya karai akakimbia.

"Mama!" aliita kabla hajafika langoni. "Mama Nyanzala, njoo umwone! Yupo! Alikuwa hapa hapa!"

Lango la zizi lilikuwa wazi. Samadi ilikuwa mbichi. Nyumba zilikuwa zimevuliwa milango, na kwenye mafiga jivu lilikuwa bado na joto; alilishika ili ahakikishe. Hakukuwa na kuku, wala mbwa, wala kigoda. Alizunguka kutoka chumba hadi chumba na karai lake, akiita majina ya watoto mmoja mmoja. Alipotoka nje alimkuta Maiko amesimama langoni na baiskeli, amevua kofia, kalamu imechomekwa kwenye mfuko wa shati.

"Andika," Natalia alimwambia. "Si unatafuta nchi tupu? Hii hapa. Andika na aliyeiacha tupu ni nani."

Maiko hakuigusa kalamu. Alinyoosha kidole kuonyesha alama za magurudumu zilizokatiza mbugani, zikaenda hadi mahali njia inapogawanyika, moja ya kwenda ziwani na moja ya kwenda porini. Natalia akaanza kukimbia kuzifuata. Tone la kwanza lilimpiga mkononi, la pili likaanguka ndani ya karai, kisha mvua ikaja yote kwa pamoja, na kamongo akaanza kujinyoosha. Alipofika njia panda alama zilikuwa zimejaa maji. Alisimama hapo akiita kwa nguvu zake zote, mara upande huu, mara upande ule.