Gauni la Ubatizo la Lorcan

Kwao Dervla, huko mashambani Leitrim, mtu hashuki basi bila kumshukuru dereva. Hata kama asubuhi umegombana na mumeo, hata kama mvua inamwagika, ukifika kituo chako unapita mbele, unasema asante, ndipo unashuka. Mtoto akishuka kimya atasemwa mpaka jioni, na mama yake atasemwa zaidi. Kwa hiyo msimlaumu sana binti huyu kwa yaliyompata Köln. Mlaumuni kidogo tu, maana mwenyewe alijilaumu vya kutosha.

Alikuwa anasoma Leuven, Ubelgiji, kwa mwaka mmoja wa ugenini, na Jumamosi moja ya Mei akapanda treni kwenda Ujerumani kwa dada yake Nessa. Wenzake wa bwenini walikuwa wakienda miji ya watu kila wikendi kupiga picha makanisa na kunywa bia. Yeye safari hii alikuwa na kazi. Njia nzima alipakata sanduku la kadibodi, na ndani yake, katika karatasi laini, mlikuwa na gauni la ubatizo la ukoo wao.

Gauni hilo lilikatwa kwenye gauni la harusi la mama mzazi wa Bibi Attracta, bibi yake Dervla. Bibi mwenyewe alibatizwa nalo, kisha watoto wake wote, kisha Nessa, kisha Dervla, na binamu wasiohesabika. Kesho yake, Jumapili, ilikuwa zamu ya Lorcan, mtoto wa kwanza wa Nessa. Mama yao, ambaye mwenyewe asingeweza kusafiri, alikataa katakata kulituma kwa posta. Dervla alipokwenda nyumbani Pasaka, akaomba alibebe yeye.

"Wewe?" mama aliangua kicheko. "Wewe uliyesahau viatu kanisani?"

"Mama, nilikuwa na miaka sita!"

"Na koti je? Na simu? Na yule mbwa wa watu uliyepewa umtembeze?"

"Mbwa alirudi mwenyewe."

"Ndiyo, alikuwa na akili kuliko aliyemtembeza."

Alibembeleza mpaka mama akalegea. Alikuwa amechoka kuitwa kichwa maji. Alitaka, walau mara moja maishani, ukoo mzima useme kwamba Dervla alipewa kitu cha maana na akakifikisha. Mama akaandika jina na anwani ya Nessa juu ya sanduku kwa kalamu nene, akamkabidhi huku akimtazama kama mtu anayemkabidhi mwizi funguo.

Treni ilifika Köln salama, na sanduku likafika salama. Basi la mjini ndilo lililoleta balaa. Lilikuwa limejaa pomoni, na mzee mmoja akasimama mbele ya Dervla akiyumba na mkongojo wake. Dervla akampisha kiti, akaliweka sanduku sakafuni karibu na mlango wa kati, pale wanapoegesha vigari vya watoto, akalizuia kwa mguu asije mtu akalikanyaga. Kila kituo aliliangalia. Kituo chake kilipotajwa, abiria wengine walishuka kwa mlango ule ule wa kati, kimya, kila mtu na simu yake. Dervla miguu ilimpeleka mbele yenyewe, begi mgongoni, akipenya katikati ya watu.

"Asante sana," akamwambia dereva kwa Kijerumani chake cha shuleni.

Dereva, mwanamume wa makamo mwenye masharubu mazito, aligeuka kutazama kama kuna mtu mwingine anayesemeshwa.

"Mimi?"

"Wewe."

"Asante ya nini?"

"Si umenileta?"

Yule bwana alicheka mpaka masharubu yakacheka. "Haya, binti, karibu tena!" akasema, akamfungulia mlango wa mbele. Dervla akashuka akitabasamu, amejipenda kweli. Basi likaondoka. Ndipo alipotazama mikono yake.

Alikimbia. Alipiga kelele. Basi halikusikia kelele, likakata kona likaenda zake, Dervla akabaki peke yake barabarani.

Nessa alifungua mlango na mtoto begani. Hakusema hata karibu.

"Liko wapi?"

Dervla akaanza kulia kabla ya kujibu, na hilo likawa jibu lenyewe. Nessa akaketi.

"Nilimwambia mama! Nilimwambia ampe binamu Declan! Umelifikisha Köln, Dervla, umelifikisha mpaka mtaani kwangu, halafu umeliacha kwenye basi?"

"Nilikwenda kumshukuru dereva..."

"Huku hakuna anayemshukuru dereva!"

"Ningejuaje, dada?"

Gereon, mume wa Nessa, mtu wa Köln kwa baba na mama, alipiga simu huku na huko kwa upole wake. Ofisi ya vitu vilivyopotea ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu. "Tutalipata, shemeji," akasema, lakini Dervla aliona hata yeye anasema tu. Jumatatu ingemfaa nini? Bibi Attracta, ambaye hakuwa amewahi kupanda ndege tangu azaliwe, alikuwa angani wakati huo akija kumwona kitukuu chake ndani ya gauni la mama yake.

Alifika jioni, Gereon akimshika mkono ngazini, kofia kichwani, uso umejaa furaha ya mtoto aliyetoka matembezini. Dervla hakungoja avue koti. Alimweleza yote pale pale mlangoni, bila kujitetea, kwa sababu angengoja kidogo asingeweza.

Bibi alivua kofia, akaishika mkononi. Kisha akasema, "Nyumba hii haina chai?"

Wakampa chai. Aliishika kwa mikono miwili mpaka ikapoa. Dervla alitamani ardhi ipasuke immeze. Angetukanwa angepata nafuu. Akaenda kulilia jikoni, na Nessa akamfuata, na badala ya kumgombeza akaanza kulia naye, na Lorcan kuona wakubwa wanafaidi akajiunga kwa sauti ya juu.

Hodi ikapigwa.

Alikuwa Bi Esser wa ghorofa ya chini, mjane. Nessa alifuta machozi haraka, maana mama huyu alishawahi kupanda ngazi kuja kumgombeza kwa kutupa chupa kwenye pipa siku ya Jumapili, siku ambayo huko kelele ni mwiko, na mara nyingine kwa baiskeli iliyoachwa ukumbini.

"Samahani kwa kelele, Bi Esser. Tutamnyamazisha mtoto."

"Kilio cha mtoto nakijua," alisema Bi Esser. "Hiki si chake. Kuna nini?"

Wakamweleza. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akashuka bila kuaga. Nessa akanong'ona, "Umeona? Hata pole hakuna." Lakini baada ya kitambo alirudi, na mkononi alikuwa na kifurushi cha kitambaa cheupe.

Alikifungua mezani mbele ya Bibi Attracta. Ndani mlikuwa na gauni dogo, la kitani, lenye lesi shingoni, jeupe pe.

"Nililishona mwenyewe," alisema, na Gereon akawa anamtafsiria Bibi. "La mwanangu Severin. Alizaliwa kabla ya siku zake. Padri alimbatiza hospitalini haraka haraka, akiwa amefungwa taulo. Hakuwahi kulivaa. Hakurudi nyumbani." Alilinyoosha mkunjo kwa kidole. "Nimekuwa nikilifua kila mwaka, sijui kwa nini. Kama mnaona mkosi, semeni tu, sitachukia."

Bibi Attracta aliweka kikombe chini, akainuka, akamkumbatia mwanamke yule asiyemjua. Wakakaa hivyo, wazee wawili wasio na lugha moja. Dervla aliwatazama na moyo wake ukajaa shukrani mpaka ukauma.

Asubuhi ya Jumapili nyumba nzima ilikuwa mbio: Gereon anatafuta tai, Nessa ananyonyesha amesimama, Bi Esser yuko mezani anapiga pasi gauni la Severin, maana alikataa mtu mwingine asilipige. Kengele ya mlango ikalia. Dervla akafungua, akakutana uso kwa uso na masharubu.

"Binti wa asante!" alisema dereva, na sanduku la kadibodi chini ya kwapa. "Nimelikuta jana mwisho wa zamu. Ningelipeleka ofisini, lakini ofisi imefungwa, na hapa pameandikwa anwani. Nikasema, huyu lazima ni yule. Katika kazi yangu mimi sisahau anayenisemesha."

Dervla alimrukia shingoni. Nessa akapiga kigelegele. Bibi akamkalisha yule bwana, Ferhat jina lake, akamlisha keki iliyokuwa ya wageni wa mchana, akamjazia chai, na alipotaka kuondoka akamjazia tena.

Gauni la ukoo likatolewa kwenye karatasi. Lilikuwa salama, halina hata doa. Dervla alilishika, akahisi mzigo wote ukimtoka mabegani. Alikuwa amelifikisha. Kwa kuchelewa, kwa mkono wa mtu mwingine, lakini Lorcan angelivaa, picha ingepigwa, na mama angekosa la kusema.

"Limepatikana," alisema Bi Esser. "Vizuri. Vizuri sana." Akachomoa pasi. Akaanza kulikunja lake, mkono wa kulia ndani, mkono wa kushoto ndani, taratibu. Alikuwa amevaa kikoti chake cha kanisani na ametengeneza nywele.

Nessa alimtazama Bibi. Bibi akamtazama Dervla.

Dervla alilitaka gauni la ukoo livaliwe kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Akalirudisha kwenye karatasi, akalifunika sanduku.

"Hili limeshavaliwa na ukoo mzima," alisema. "Litangoja mwingine. Bi Esser, usilikunje. Mtoto bado hajavaa."

Bi Esser alisimama na kile kitambaa mkononi kama hakuelewa. Gereon ikambidi amwambie tena, ingawa mara ya kwanza alishasikia vizuri.

"Na mama atasemaje?" Nessa aliuliza chinichini.

"Mama yenu niachieni mimi," alisema Bibi Attracta. "Nilimzaa mwenyewe."

Kanisani Bibi ndiye aliyestahili kumbeba mtoto mpaka kwenye maji, ndivyo ilivyo kwao. Walipoitwa alisogea, akamweka Lorcan mikononi mwa Bi Esser, akabaki nyuma. Bi Esser akatembea akiwa amenyooka, hatazami huku wala huku. Padri alimwaga maji, Lorcan akalia, akabatizwa. Halafu, alipotulia, akacheua. Maziwa yote aliyonyonyeshwa asubuhi kwa haraka yakamwagika kwenye lesi, yakateremka mpaka kwenye pindo.

"Mungu wangu!" Nessa alichomoa kitambaa, akaruka kuyafuta, uso umemwiva kwa aibu. "Bi Esser, tusamehe, tutalifua, tutalipeleka kwa dobi leo leo..."

Bi Esser akamzuia mkono. Alikuwa analia na anacheka, na alikuwa amemkumbatia mtoto kifuani, maziwa yote yakiingia kwenye kikoti chake.

"Liache, mwanangu," alisema. "Limekaa safi muda mrefu mno."