Herufi Mia za Shangazi

"Hebu njoo! Mashine yako inasema peke yake," Shangazi aliita kutoka sebuleni.

Binti wa kaka yake aliacha vyombo kwenye sinki, akaja akijifuta mikono kwenye gauni. Tovuti ile ya kufundishia programu ilikuwa yake: unaandika maagizo, na mkalimani, programu aliyoiunda mwenyewe, anayasoma mstari kwa mstari na kuyatekeleza. Shangazi, fundi cherehani aliyestaafu, ndiye aliyekuwa mwanafunzi wake msumbufu kuliko wote.

Safari hii alikuwa ameagiza zikatwe herufi mia kutoka neno "kitambaa". Jibu lilianza na kitambaa, zikafuata alama za ovyo, kisha, peupe kabisa: "sikukuaga kwa sababu ningelia."

"Umeandika wewe?"

"Mimi? Nimlilie nani asubuhi yote hii?"

Binti alicheka, kisha kicheko kikamkauka. Siku zote alijigamba kwamba kwa mkalimani wake, mtu hawezi kugusa kumbukumbu ya mashine, yanakokaa maandishi ya wanafunzi wote.

"Neno lina herufi nane, Shangazi. Mia za nini?"

"Nilitaka nione atasemaje. Mimi mteja akileta mita moja akataka gauni la mita tatu, namrudisha. Huyu wako kaenda kuchota kwa jirani."

Binti akavuta kiti. Baada ya saa nzima ya kupekua alikiona: kipande cha programu cha kukatia maneno, alichokichukua mtandaoni ili kazi iende haraka. Kiliamini namba yoyote bila kupima urefu wa neno, kikaendelea kusoma hadi kwenye maandishi ya mwanafunzi mwingine.

Alifunga tovuti palepale, akaweka kipimo, akawaandikia wanafunzi wote ukweli wenyewe. Saba walijitoa. Aliyeandika sentensi ile alibaki. Aliomba tu isirudiwe mbele za watu.

"Kesho nafungua," binti alisema, akinyoosha mgongo.

"Na nikiomba herufi tatu chini ya sifuri?"

"Nani atakayeomba hivyo?"

"Mimi hapa."

Akabonyeza. Mkalimani akazimika kabisa. Binti aliitazama skrini, akamtazama Shangazi aliyekuwa akitabasamu kama aliyepewa zawadi, akamsogezea kiti karibu zaidi.

"Haya. Kingine?"

Tovuti ilifunguliwa baada ya wiki mbili.