Malenge ya Ghorofa ya Tatu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya kwenda kushona sare za shule sokoni, Akidor alikuwa akimwagilia bustani yake maji aliyooshea mchele. Bustani yenyewe ilikuwa balkoni ya ghorofa ya tatu huko mtaa wa Wabera, hatua mbili kwa moja: dania kwenye kopo la rangi, miche sita ya sukuma wiki kwenye gunia, na mche wa malenge kwenye mtungi uliokatwa shingo. Alipenda kusimama hapo peku, asugue jani la dania na kunusa vidole, amsake kiwavi na kumrusha barabarani. Ilikuwa nusu saa ambayo hakuna mteja aliyemharakisha.

Mifereji ya jengo ilikuwa imekauka tangu Januari. Mwenye nyumba, Mzee Lotukoi, mzee wa kanisa mwenye sauti nzuri ya kuombea wagonjwa, aliwaambia wapangaji kwamba mji mzima hauna maji na ukame ni mtihani. Wapangaji wakatikisa vichwa kukubali, wakashuka ngazi na mitungi kutafuta mkokoteni wa punda. Walikuwa hodari wa kutikisa vichwa.

Jumanne, malenge ilichoka kungoja. Ilipanda juu ya ukuta wa balkoni, ikateremka hadi chini, ikavuka barabara huku bodaboda zikiipisha, ikapenya chini ya geti la Lotukoi. Kufikia adhuhuri ilikuwa imeinua kifuniko cha tangi lililofichwa nyuma ya migomba yake.

Akidor aliporudi saa kumi na moja alikuta shina limejaa sebuleni, na maua kumi na manne ya manjano yakimwaga maji sakafuni. Alikinga beseni. Lilipojaa alimwita jirani yake Kinanu, naye Kinanu akaita ghorofa nzima.

Roba, polisi mstaafu wa mlango wa mkabala, peke yake ndiye aliyefuata shina hadi mwisho wake. Alirudi akihema.

"Tangi imejaa mpaka juu," alisema. "Na paipu yake inatoka kwa hii jengo yetu. Imekatwa hapo chini ya ngazi."

"Lakini ni maji tamu," Kinanu alisema.

"Kinanu, umesikia nimesema nini?"

"Nimesikia. Sogea nijaze."

Lotukoi alifika akifuata maji yake. Alipangusa viatu mlangoni, akalitazama shina kama mtu anayemtazama kibarua aliyechelewa.

"Nani amepanda hii?"

"Ni mimi, mzee," Akidor alisema.

"Bila kuniuliza."

"Mzee, mbona maji yetu iko kwako?"

"Nilikuwa nawawekea, msichana wangu. Nyinyi mngemaliza."

"Na mbona hukutuambia?"

"Mngesumbua."

Vichwa vikatikiswa. Mtu mmoja akasema ni kweli, wapangaji hupenda kuharibu maji. Kinanu akasema Mungu ambariki mzee. Lotukoi akafunga macho, akaomba kwa ufupi, kisha akatoa utaratibu: kila nyumba mitungi miwili, Jumatano na Jumamosi, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili. Roba alikabidhiwa kiti, filimbi na ufunguo wa mlango wa Akidor. Alisita kidogo, akaijaribu filimbi. Ililia vizuri.

Jumatano hiyo watu walikanyaga dania, na gunia la sukuma likasukumwa pembeni likapasuka. Malenge ilitii ratiba. Saa kumi na mbili kamili maua yalijikunja. Paipu ya chini ya ngazi haikuguswa na mtu.

Ijumaa asubuhi Akidor alichukua mkasi wake wa kukatia vitambaa, akalishika shina. Lilikuwa baridi, na ndani yake maji yalipita yakigongagonga. Chini ya jani moja aliona tunda la kwanza, dogo kama ngumi, ua lake kavu bado limening'inia. Hakuwahi kufikisha malenge hadi tunda. Alilitazama mpaka akachelewa kazini, akarudisha mkasi mfukoni.

Jumamosi alirudi saa kumi na moja, akakuta foleni imeshuka ngazi hadi mlango wa chini. Alijaribu kupita.

"Foleni, mama," Roba alisema kutoka kitini.

"Naenda kwangu."

"Najua ni kwako. Lakini nikikuachilia wewe, kila mtu atasema ako na sababu yake."

Wengine wakamwomba asiwe mchoyo. Alisimama nyuma ya Kinanu. Alipofika sebuleni mwake maua yalikuwa yamejikunja, na Roba alikuwa akikunja kiti.

Kesho yake kanisani, mhubiri alimsimamisha Mzee Lotukoi na kumshukuru kwa kuwafikishia wapangaji maji hadi ghorofa ya tatu. Kanisa lilipiga makofi kwa muda mrefu. Akidor, kwenye benchi la nyuma, naye alipiga, kwa sababu aliokuwa ameketi nao walikuwa wakiitazama mikono yake.